Gari Hununuliwa Mchangani

Ijumaa alfajiri, ng'ombe wa Seabelo walikuwa hawajagusa maji tangu Jumatano asubuhi. Walikuwa thelathini na wanane, wamefungiwa kwenye boma lake kilomita arobaini magharibi mwa Letlhakeng, na mwezi wenyewe ulikuwa Oktoba, mwezi ambao jua la Kalahari halina utani na mtu. Injini ya kisima ilikuwa imekufa, na fundi alisema kipuri kitafika Jumatatu. Pikapu yake ya zamani ilivunjika ekseli Jumatano hiyohiyo ikipeleka maji, na bado ilikuwa hukohuko njiani, imelala ubavu kwenye mchanga kama mlevi.

Kwa hiyo alihitaji gari leo. Kwenye joto lile ng'ombe anavumilia siku mbili. Ya tatu anaanza kulala chini, na akishalala huna ng'ombe tena, una ngozi.

Magari yaliyokuwa yakiuzwa kijijini yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa pikapu nyeupe ya milango minne, inang'aa kama sahani ya harusi, iliyoletwa kutoka Gaborone na mfanyabiashara kijana aitwaye Lefika. La pili lilikuwa pikapu ya bluu ya milango miwili, mali ya Mma Oarabile, mjane wa upande wa pili wa kijiji, ambaye alikuwa ameuza mifugo yake yote ahamie kwa binti yake Maun. Rangi imepauka, mlango wa kushoto unafungwa kwa waya. Bei zilikaribiana.

Mtu mwenye akili zake angeyaangalia yote mawili. Seabelo hakukanyaga kwa Mma Oarabile. Miaka sita nyuma yule mama alimshtaki kwenye kgotla, baraza la kijiji, mbele ya chifu na kijiji kizima, kwamba mtamba mmoja mwekundu kwenye boma lake ni wa kwake. Seabelo aliapa, akaonyesha alama ya sikio, akashinda. Tangu siku hiyo walikuwa wakipishana njiani bila salamu, kama miti.

"Kwanza ile ya bluu watu wa nyuma wanakaa na mbuzi," alisema mkewe, Mma Pako, akimimina chai. "Miaka ishirini na miwili nakwenda misibani nimekaa nyuma, navuta vumbi, na kiti cha mbele yumo mjomba wako anakoroma. Chukua nyeupe, Rra Pako."

"Nitaichukua ikinibebea maji."

"Si gari? Itabeba."

"Gari hununuliwa mchangani. Kwenye lami hata toroli linakimbia."

Hayo ndiyo aliyomwambia Lefika jana yake: nipelekee maji bomani kwa gari lako, likifika nakulipa palepale. Bahasha ya pesa ilikuwa kifuani mwake, chini ya shati, imeshalowa jasho. Maksai kumi na moja waliuzwa kupata bahasha ile.

Saa kumi na mbili walikuwa kwenye bomba la kijiji. Ile nyeupe ilichukua mapipa matatu tu, maana milango minne ilikuwa imekula nafasi ya nyuma. Mapipa mawili yakabaki chini.

"Matatu yanatosha, mzee," alisema Lefika. Alikuwa amevaa viatu vyeupe, na miwani nyeusi ya jua ilhali jua lenyewe ndiyo kwanza linachomoza. "Hili si punda. Hili ni gari la heshima. Alikuwa nalo mwalimu wa Gaborone, kanisani na nyumbani, kanisani na nyumbani."

"Mwalimu gani?"

"Mwalimu tu, Rra. Walimu wote si wamoja?"

Mma Pako alikaa mbele, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa sababu Seabelo alitaka kukaa nyuma asikilize chasi. Akafungua kipoza hewa, akafumba macho. Seabelo alimwona kwenye kioo, akatazama pembeni.

Walipoiacha lami walishuka, wakapunguza upepo wa matairi. Mchanga ulikuwa mwekundu na laini kama unga. Gari lilinguruma, likatafuta njia, likapata. Halikukwama hata mara moja. Walipoipita pikapu ya zamani ikiwa imelala ubavu, Lefika alipiga honi.

"Pole yake huyo!" akacheka.

Seabelo hakucheka. Lakini moyoni alikuwa ameanza kulegea. Gari lilikuwa linapanda vizuri. Alisikia tu mlio mdogo chini ya miguu yake, tik, tik, kila lilipojipinda, akajiambia ni mapipa.

Walifika saa mbili kasoro. Ng'ombe hawakulia walivyozoea kulia wakiona gari. Walisimama kimya wamekodoa macho, na hicho ndicho kilichomtisha. Watatu walikuwa wamelala. Mchungaji wake, Xhaga, mtu mzima wa maneno machache, alifungua mapipa akaelekeza mpira kwenye hori, na hapo ndipo vurugu ilipoanza. Wenye nguvu waliwapiga pembe wadogo. Maji yalikwisha kabla nusu yao hawajafika.

"Umeona, mzee?" Lefika alikung'uta suruali. "Nimefika au sijafika? Maneno ya mwanamume ni maneno. Leta bahasha."

Seabelo aliingiza mkono kifuani. Aliishika bahasha kabisa.

Maksai mmoja wa rangi ya majivu, aliyekuwa wa kwanza kunywa, hakuondoka na wenzake. Alizunguka nyuma ya gari, akainamisha kichwa chini ya bodi, akatoa ulimi, akaanza kulamba. Akaja wa pili. Kisha ng'ombe jike na ndama wake. Wakajipanga ubavuni mwa gari wakilamba chuma cha chini kwa bidii, wakisukumana.

"Ah! Toka!" Lefika alivua kofia akawapiga nayo. "Wanakula rangi hawa! Mzee, waite ng'ombe wako!"

Seabelo alitoa mkono kifuani bila bahasha. Ng'ombe wake walikuwa hawajapewa jiwe la chumvi tangu Agosti. Ng'ombe halambi rangi.

Akalala chali mchangani, akajivuta mpaka chini ya gari, akakwangua tope kavu kwa kisu, akaliweka kwenye ncha ya ulimi. Lilikuwa chumvi tupu. Akakwangua tena kando ya springi, pale palipopakwa rangi nyeusi mpya nzito, akasukuma kisu. Kisu kikazama kama kwenye tikiti lililooza. Kumbe ule mlio ulikuwa huo. Safari mbili zaidi na mapipa, gari lingekatika mgongo.

Akatoka, akakung'uta mgongo.

"Mwalimu wako alikuwa anafundisha kule kwenye nyanda za chumvi? Makgadikgadi?"

"Chumvi gani, Rra?"

"Onja."

"Mimi sili tope."

"Ng'ombe wangu wameonja. Gari hili limefanya kazi kwenye chumvi miaka na miaka. Chasi imeliwa, mkaipaka lami juu mkaiita heshima."

Lefika alivua miwani ya jua. Bila hayo alionekana mtoto. "Mzee, hata mimi niliuziwa hivyo hivyo. Tuelewane. Nakushushia elfu tano."

"Hata unipe bure."

"Basi shusha mapipa yako," alisema Lefika, na sauti ilibadilika. "Shusheni, mtembee. Mimi si teksi."

Kilomita arobaini za mchanga. Seabelo alitazama jua. Kijijini alikuwa amesikia kwamba saa tano kuna mtu wa Kanye anakuja kuichukua ile ya bluu. Kama ikienda, hakuna gari lingine kabla ya Jumatatu. Na Jumatatu angekuja kuchuna ngozi.

Alitamani kumkamata yule kijana shingo. Kabla hajafanya hivyo, mlango wa gari uligongwa kwa ndani. Mma Pako alikuwa bado amekaa kiti cha mbele, amefunga mkanda.

"Mwanangu," alimwambia Lefika kupitia dirishani, kwa upole kabisa, "mimi nitashukia Letlhakeng. Ukitaka kunishusha hapa, nibebe. Nina kilo tisini na nne. Halafu nikifika kwa miguu, nitapita nyumba moja moja, na kanisani, na kwenye misiba yote, nikiwaonyesha watu jinsi ng'ombe walivyolamba gari lako. Sasa amua."

Lefika aliamua.

Wakarudi. Seabelo alikaa nyuma kati ya mapipa matupu, macho kwenye jua. Alijua anakokwenda, na aliogopa kuliko siku ya kgotla. Siku ile alikuwa na uongo mfukoni, na uongo ulimpa nguvu.

Saa tano kasoro robo walishushwa kwenye uzio wa Mma Oarabile. Mtu wa Kanye alikuwa ameshafika, mnene, kofia nyekundu, anapiga matairi ya pikapu ya bluu kwa kiatu. Mma Oarabile alikaa kwenye kigoda mlangoni, funguo mapajani.

"Dumela, Mma," alisema Seabelo.

Mjane alizifunika funguo kwa kiganja. "Umepotea njia?"

"Nimekuja kununua gari. Ng'ombe wangu wanakufa."

"Wewe bwana, umechelewa," aliingilia mwenye kofia. "Mimi na mama tumemaliza. Kama ni pesa, mama, naongeza elfu mbili."

"Wewe unataka gari la nini?" Mma Oarabile alimuuliza.

"Kubebea matofali."

"Matofali hayana kiu. Subiri kidogo."

Seabelo alikwenda kwenye gari akajilaza chini yake, sketi za wanawake na viatu vya mtu wa Kanye vikiwa pembeni ya masikio yake. Chuma kilikuwa kikavu, kikuukuu, kizima. Vumbi jekundu la hapahapa. Aligonga kwa mpini wa kisu, kikaitika kama kengele. Alipotoka, mjane alikuwa amesimama.

"Limekuridhisha?"

"Limeniridhisha."

"Mimi sijaridhika. Yule mtamba mwekundu alikuwa wa nani?"

Mma Pako alicheka kidogo, kicheko cha kumtetea mumewe. "Mama yangu, mambo ya miaka sita? Kgotla ilishakata."

"Sikuuliza kgotla. Nimemuuliza yeye."

Seabelo alijua angeweza kuapa tena. Mtu wa Kanye angepewa funguo, basi. Alifikiria wale watatu waliolala, na sasa labda ni sita. Mdomo wake ulikuwa mkavu kuliko hori.

"Wako," alisema.

"Sema wasikie."

"Alikuwa wako, Mma. Alichanganyika na wangu kisimani, hana alama. Nikamkata sikio mwenyewe usiku ule."

Mma Pako aliacha kucheka. Aligeuka akamtazama mumewe kana kwamba amekutana naye kituo cha basi.

"Nilijua," alisema Mma Oarabile. "Kijiji kizima kiliniita mjane mchoyo. Wanawake wa chama cha mazishi waliacha kunigongea mlango. Jumapili hii utasimama palepale ulipoapa, useme hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Mimi siondoki mpaka Jumatatu."

"Nitasema."

"Na usiposema?"

"Atasema," alijibu Mma Pako. "Asiposema yeye, nitasema mimi."

Mtu wa Kanye alitupa mikono juu. "Sasa mimi nimetoka Kanye kuja kusikiliza habari za masikio?"

Mma Oarabile alihesabu pesa za Seabelo polepole, noti kwa noti, hakumwachia hata moja, kisha akamwekea funguo kiganjani. "Gia ya pili ngumu," alisema. "Usiilazimishe. Ibembeleze."

Kwenye bomba la kijiji mapipa yote matano yalijazwa, yakaingia nyuma ya ile ya bluu, wima, bila kubishana. Mma Pako alipanda kwa mlango wa dereva kwa sababu ule mwingine uligoma, akasogea mpaka dirishani, mbali na mumewe kadiri kiti kilivyoruhusu.

Wakaiacha lami. Gari lilipiga kelele zote ambazo gari linaweza kupiga, lakini lilikwenda.

"Amezaa mara ngapi?" aliuliza Mma Pako ghafla.

"Nani?"

"Usinichezee."

"Mara tatu. Na mtamba mwenyewe, wanne."

"Wanne hao si wetu."

"Najua."

"Wala wasinywe wa mwisho."

Walipofika, waliolala walikuwa watano. Mmoja, ndama wa mwaka, alikuwa ameshakufa, na Xhaga alikuwa amemfunika kwa matawi dhidi ya tai. Safari hii walizuia wenye nguvu kwa fimbo, Mma Pako mwenyewe mlangoni mwa zizi, kitambaa kimemdondoka kichwani, akiwatukana maksai kwa ukoo na majina. Wadogo na majike walikunywa. Seabelo alibeba ndoo kwa waliolala, akawashika taya, akawamiminia kidogo kidogo. Watatu waliinuka kwa magoti, wakayumba, wakasimama. Wa nne alikunywa akabaki chini, masikio yakicheza.

Mapipa matano yalikwisha. Bado kumi na moja walikuwa hawajapata, wamesimama wanalitazama hori tupu.

Seabelo alitupa mapipa nyuma, akaingia kwenye gari. Bomba la kijiji lingefungwa saa kumi na mbili jioni. Akaingiza gia ya kwanza, kisha ya pili. Ikakataa. Akaibembeleza.