Maharagi ya Mwaka wa Pili

Jumatatu ya pili ya Oktoba, mwaka 1952, Drocella wa kijiji cha Kingi, huko Masisi, alimpa binti yake ungo wenye maharagi na kumwambia akayachambulie shuleni. Epiphanie alikuwa na miaka tisa, na surua ilikuwa imemchukua macho alipokuwa na mitatu. Tatizo halikuwa macho, tatizo lilikuwa miguu. Mtoto huyo alikuwa hatulii. Wenzake wakishapanda kilima kwenda shule, yeye aligusa mlango, akagusa mawe ya jiko, akarudi mlangoni, akauliza wamefika wapi, wanasoma nini, watarudi saa ngapi. Akijibiwa, aliuliza tena. Mama mtu akaona heri asumbuliwe na mwalimu.

Mwalimu Callixte alikuwa kijana mwembamba asiyependa kubishana na akina mama. Alimwonyesha Epiphanie nafasi kwenye benchi la mwisho, chini ya dirisha, kwa sharti kwamba afanye kazi yake na asiguse ardoise, vile vibao vya kuandikia, za wenzake. Kisha akageukia ubao, akaandika kwa chaki a, e, i, o, u.

Maharagi yakasogea. Yalijipanga katikati ya ungo, a, e, i, o, u, na yale mabovu yakajitenga pembeni pamoja na vijiwe. Epiphanie alipitisha vidole juu yake mara moja, akarudia, akacheka. Godelieve, aliyekaa naye benchi moja, alimnong'oneza kwamba ile ya tatu ndiyo i.

"Nani anafanya makelele?" aliuliza Callixte bila kugeuka.

"Ni maharagi, mwalimu," alisema Godelieve.

"Mwambie ayashike polepole. Wengine iko nasoma."

Baada ya wiki moja mambo yote ya kazi hiyo yalikuwa yamejulikana. Maharagi makubwa hayafai, kwa sababu hesabu ya kutoa kwa kukopa haienei kwenye ungo, kwa hiyo Drocella alichagua madogo meusi. Maharagi ya jirani, mke wa Mbonigaba, yalijaribiwa yakakaa tu, hayakusoma hata irabu moja. Ni yale meusi ya Drocella tu yaliyojua, viganja viwili hivi, na Epiphanie aliyabeba kwenye kibuyu kidogo. Yalifuata chochote kilichoandikwa ndani ya chumba kile, makosa ya mwalimu yakiwemo. Siku moja Callixte aliwapa watoto hesabu, akakaa mezani kumwandikia barua mchumba wake. Epiphanie akainua kichwa na kuuliza, "Mwalimu, Adelaïde njo nani?" Tangu siku hiyo barua zake aliziandikia nyumbani.

Kufikia Pasaka Epiphanie alikuwa anasoma kuliko nusu ya darasa. Alikuwa anasema kila siku, hata asipoulizwa, kwamba atakwenda kusoma digrii ya pili, yaani madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwenye misioni kubwa, kule chini kuelekea Kirotshe, kisha arudi kuwa mwalimu. Lakini ili kufika huko ilikuwa lazima kufanya mtihani, na ili kufanya mtihani ilikuwa lazima jina liwe kwenye rejista. Jina lake halikuwemo.

"Bwana Inspekteri njo ataandika," Callixte alimwambia Drocella. "Mimi sina ruhusa ya kuandika mutoto mwenye haone. Atakuja mwaka wa pili, atamusikia akisoma, ataandika. Basi, mama, tungoje."

Wakangoja. Epiphanie alingoja vibaya sana, akipiga miguu chini ya benchi hadi Godelieve akahama upande wa pili.

Sasa, likizo ilipofika, Drocella alifanya jambo ambalo mama yeyote wa Masisi angelifanya. Aliogopa wadudu watatoboa maharagi ya shule, kwa hiyo aliyapaka majivu, akayarudisha kibuyuni na kukitundika juu ya jiko, penye moshi. Na mumewe Straton naye alifanya jambo ambalo baba yeyote angelifanya. Mvua ya kwanza ya Septemba iliponyesha, alitazama juu ya jiko, akaona kibuyu cha maharagi yenye majivu, na maharagi yenye majivu ni mbegu. Akayapanda.

Siku mbili kabla ya masomo kuanza Epiphanie alinyoosha mkono juu ya jiko, akapapasa ukuta.

"Papa, kibuyu yangu iko wapi?"

"Ile yenye majivu?" alisema Straton. "Nilishapanda, chini ya shule. Mvua iko muzuri mwaka huu."

Epiphanie alipiga kelele ambayo ilimtoa mke wa Mbonigaba nyumbani kwake na mwiko mkononi. Straton alisimama katikati ya nyumba akiona haya, mikono ikining'inia, mtu mzima. Walikwenda wote watatu kufukua kwa vidole, lakini mbegu zilikuwa zimeshapasuka na kutoa mizizi. Drocella alisema ziachwe. Mche ukishatoa mzizi haurudi kibuyuni.

Shule ilipofunguliwa, Callixte aliandika tarehe ubaoni. Chini ya dirisha, kwenye mteremko, shamba la Straton likang'oa mizizi yake, likasogea, likajipanga tena. Straton alikuwa humo na jembe. Alisubiri miche ipite miguuni pake, kisha akapanda kilima na kumwambia mwalimu kwamba tarehe iko sawa, lakini mtu akipalilia anataka kujua mche utakuwa wapi baada ya dakika tano.

Basi Epiphanie akawa anasomea shambani. Alitambaa kwa magoti kutoka herufi hadi herufi, kila moja ikiwa na urefu wa ng'ombe, akigusa majani, na Callixte alimuuliza maswali kupitia dirishani. Yeye alijibu kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya bonde. Kwa mara ya kwanza miguu yake ilipata kazi ya kutosha. Mvua ikinyesha, Drocella alimfunika mgongo kwa majani ya migomba. Siku waliyofika jedwali la saba, hesabu ilivuka mpaka na kuingia kwenye viazi vya Mbonigaba, naye akaja kulalamika.

"Sikatae mutoto asome," alisema. "Lakini saba mara nane iko juu ya viazi yangu."

Callixte akaanza kuandika kwa herufi ndogo. Godelieve alihamia dirishani ili amwambie mwenzake ubao ukifutwa. Straton alipalilia saa sita, watoto wakienda kula. Kila mtu alijisogeza kidogo, na mambo yakaenda.

Bwana Inspekteri alifika Novemba, siku ya ukungu, kwa miguu kutoka pale barabara inapoishia. Alikuwa mzungu mrefu mwenye miwani minene, na kila baada ya hatua kumi aliivua, akaifuta kwa leso, akaivaa tena. Alikagua paa, akakagua vyoo, akaonja maji ya mtungi. Shambani maharagi yalikuwa yameanza kutoa maua, na Drocella alikuwa amesimama ukingoni tangu asubuhi, amevaa kitambaa chake cha kanisani.

Callixte alieleza habari ya Epiphanie. Inspekteri alisikiliza, akachukua chaki na kuandika mwenyewe ubaoni: 364 kugawa kwa 7. Akaenda dirishani. Shamba lilihama, safu kwa safu, na msichana akatambaa ndani yake, mikono mbele.

"Makumi tano na mbili!" alipiga kelele kutoka chini.

"Ni sawa," alisema Inspekteri. Aliuliza kama shamba lilitiwa mbolea. Callixte alisema ni samadi ya mbuzi tu. Inspekteri akaandika jambo hilo kwenye daftari lake dogo.

Kisha akakaa mezani, akafungua rejista, na Callixte akamwomba aongeze jina. Akaliongeza, Epiphanie binti Straton, kwa wino mweusi na mwandiko mzuri. Wote waliona. Drocella, aliyekuwa amepanda hadi mlangoni, alifunika mdomo kwa mkono. Ndipo Inspekteri akaanza kuita majina, kwa sababu jina likishaandikwa lazima liitwe. Alipofika la mwisho, sauti ilitoka shambani.

"Niko!"

Inspekteri alitazama chumba. Alihesabu vichwa kwa kalamu.

"Aliyepo ni yule aliye ndani ya kuta nne," alisema.

"Bwana, kitabu yake ni shamba," alisema Callixte. "Haiwezi kuingia."

"Basi mwanafunzi aingie."

Epiphanie alikuwa ameshasikia. Alipanda mteremko mbio, akajikwaa, akainuka, akaingia na matope hadi mapajani, akasimama mbele ya meza akihema. "Niko," alisema. Alikuwa anatabasamu, maskini.

Inspekteri alifuta ubao, akaandika hesabu nyingine, akamwonyesha. "Soma."

Epiphanie aliinua mikono. Mbele yake palikuwa na hewa tu. Aligeuka kuelekea dirishani, kisha akarudi, na miguu yake ikaanza kukanyagakanyaga mahali pamoja. Godelieve alianza kusema "arobaini na...", akatazamwa, akanyamaza.

"Akiwa ndani hasomi," alisema Inspekteri bila hasira. "Akisoma hayuko ndani. Mimi siwezi kuandika mambo mawili kwenye mstari mmoja."

Drocella alivuka kizingiti. Hakuwa amewahi kuingia mle. "Bwana, samahani," alisema. "Ile miwani yako, ukiivua, uko naona ile ubao?"

Inspekteri aliivua, akaifuta, akaivaa.

"Hapana," alisema. "Lakini miwani inaingia ndani ya chumba, mama."

Epiphanie alitoka. Alishuka mteremko peke yake, bila kushika chochote, akaingia shambani na kukaa chini, kwa sababu alijua kalamu itaandika, na kitakachoandikwa atakisoma hukohuko. Juu, chumbani, Inspekteri alichovya wino. Miche ikaanza kuhama. Epiphanie aliifuata kwa magoti, akisoma kwa sauti kubwa kama alivyozoea, ili mwalimu asikie: A. B. S. E. N. T. E. Neno hilo la Kifaransa alilijua: hayupo. Kila asubuhi Callixte aliliandika pembeni mwa ubao, juu ya majina ya wasichana wasiofika shule. Alitambaa akalisoma tena tangu mwanzo, labda amekosea, na hakuwa amekosea. Inspekteri aligonga muhuri, akafunga rejista, akawashukuru wote na kuondoka kabla ukungu haujazidi.

Kesho yake Callixte aliandika tarehe ubaoni, na shamba halikusogea. Alijaribu jedwali la saba, akajaribu hata jina la Adelaïde, kwa herufi kubwa, mbele ya watoto wote. Maharagi yalikaa na lile neno lililogongwa muhuri. Straton aliweza kupalilia saa yoyote aliyotaka, na alipalilia akilia, bila kujificha. Aliwaambia watu waziwazi kwamba kosa ni lake, majivu yalimdanganya. Drocella alimwambia si majivu yaliyoandika.

Mtihani ulifanyika bila Epiphanie. Godelieve alishinda, akajiandaa kwenda chini Kirotshe na sanduku la mbao. Callixte aliendelea kuita jina la Epiphanie kila asubuhi, baada ya kufunga rejista, naye alijibu kutoka benchi la mwisho, ambako sasa hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Hakuna aliyepeleka habari hiyo juu.

Januari walivuna. Mavuno yalikuwa mazuri, magunia mawili kutoka viganja viwili, na Mbonigaba alipewa sehemu kwa ajili ya viazi vyake. Jioni ya kwanza Drocella alimpa binti yake ungo uliojaa. Epiphanie alikaa karibu na jiko, akautikisa, na maharagi yakajipanga. Mabovu na vijiwe yalikwenda pembeni. Mazuri yalikaa katikati, herufi saba, neno lilelile. Alimwaga, akajaza ungo mwingine. Neno lilelile. Alipitisha vidole juu yake polepole, mpaka mwisho.

"Niko," alisema.

"Najua," alisema Drocella. "Leta ungo, maji iko nachemka."

Epiphanie aliinuka akauleta. Maharagi yakaingia chunguni yote, na yaliiva upesi.