Mlango wa Plaiwudi

Mlango wa Verenaisi ulikuwa umelala sakafuni tangu jioni ile vijana walipoupiga teke, yeye akiwa amepiga magoti anasali. Waliondoka na simu, mtungi wa gesi, na mikeka aliyojiwekea kwa ajili ya mazishi yake. Alipoing'ang'ania mikeka wakamvunja mkono. Tangu hapo aliziba uwazi kwa pazia na meza, akalala ameketi, fimbo mapajani. Mjane mzima, wajukuu kibao, analinda nyumba kwa pazia!

Kituo cha polisi kilimjibu kwenye simu ya jirani: "Gari halina mafuta, Bibi. Ukipata nafuu, njoo uandikishe."

Kwenye ofisi ya nyumba za serikali, Bi Sereana, msimamizi wa maghorofa, hakumpa hata kiti.

"Mlango haukuchakaa, umevunjwa. Ukivunjwa ni juu ya mpangaji."

"Kwani nimeuvunja mimi?"

"Si wewe unayemwita kila apitaye, 'Njoo tule'? Umewazoesha."

Lakini hapa mjini Suva nani hamwiti mpita njia? Mtu anapita mlangoni, chakula kiko mezani, unamwita. Usipomwita umemtukana.

"Mama yako alikuwa akiniita," Verenaisi akasema. "Nimekula sana kwenu, wewe ukitambaa chini ya meza. Leo imekuwa kosa?"

Sereana akafungua droo, akatafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Ijumaa asubuhi Muniamma, mjane wa ghorofa ya chini, alipanda ngazi akihema.

"Umesikia, shoga yangu? Sajini anakuja ukumbini kufundisha wazee usalama. Na chai ipo."

"Usalama wa nini tena? Wezi wameniachia meno tu, nayo ni ya bandia."

"Basi njoo uyatumie. Wameleta biskuti."

Verenaisi akacheka hadi mkono wake mbovu ukamuuma. Kisha akautazama mlango pale sakafuni. Hasira aliyokuwa akiimeza siku zote zile ikampanda.

"Nakuja," akasema. "Ila shika upande ule."

Ulikuwa wa plaiwudi, mwepesi kama ahadi za ofisi. Wakaushusha ngazi kwa ngazi, Muniamma akilaani njia nzima.

Ukumbini, jirani kabisa na ofisi ya Sereana, Sajini Koroi alikuwa ameshaanza. Wazee walikuwa wameketi na vikombe vyao, watulivu.

"Kwanza, funga mlango wako kwa ufunguo. Pili, acheni hii tabia ya kuita wapita njia waje kula. Usalama wako, wajibu wako."

Verenaisi akaingia kinyumenyume, akauweka mlango mbele yake. Bawaba zilikuwa zimening'inia, alama ya kiatu bado ipo katikati.

"Mlango wangu huu hapa, mwanangu. Nifundishe kuufunga."

Mzee mmoja akapaliwa na chai. Kicheko kikaenea viti vyote, kisha kikageuka manung'uniko: taa za ngazini zimekufa, lango la chini halina kitasa, nani anajali?

"Bibi, haya ni mafunzo," Sajini akasema.

"Nami nimekuja kujifunza."

"Toeni hiyo takataka nje!" Sereana akafoka, akitokea ofisini mwake.

Wajane wawili wakautoa. Wakaulaza mlangoni pa ofisi yake, wakaketi juu yake. Muniamma akafungua kitambaa cha mihogo na samaki wa kopo. Wazee wakatoka mmoja mmoja na vikombe vyao, wakaketi pale pale. Sereana, amezuiwa nje ya ofisi yake mwenyewe, akapiga simu.

Gari la polisi likafika chai haijapoa. Wakashuka askari wawili, vifua mbele.

"Njooni mle!" Verenaisi akawaita, kama alivyowaita watu maisha yake yote.

Askari mmoja akatazama mihogo, akameza mate, akatazama chini.

"Mafuta mmeyapata wapi?" Muniamma akauliza.

"Pakieni mlango," Sajini akaamuru. "Ni mali ya serikali."

Wazee wakazomea. Askari wakauchomoa chini yao, wakautupa nyuma ya gari. Kabla hawajageuka, Verenaisi alikuwa ameshakanyaga bampa, amejivuta kwa mkono mzima, amepanda. Akaukalia mlango wake.

"Shuka, Bibi."

"Unapoenda mlango wangu ndipo ninapolala. Kituoni si kuna milango?"

Sajini akasogea, akapunguza sauti. Alikuwa anatokwa jasho.

"Bibi, nakuomba. Nyumba yako iko wazi, haina mtu. Wezi wataingia."

"Basi nenda ukalinde," Verenaisi akasema, akamega muhogo.

Injini ilikuwa inaunguruma, inateketeza mafuta.