Kiu ya Zulia la Itto

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na mbili Machi, siku ambayo gari la wagonjwa la kijiji cha Tamzrit lilibeba viti. Vilikuwa viti vya wakubwa waliokuja kufungua mafunzo ya kuuza bidhaa mtandaoni. Asubuhi hiyo kifua kilimbana Itto, mfumaji wa mazulia. Mumewe, Bassou, akapiga simu, akaambiwa asubiri viti vishushwe. Vikashushwa. Itto akazikwa kesho yake.

Arobaini ilipopita, Bassou alipeleka zulia la mwisho la marehemu kwenye mafunzo hayohayo, maana unga ulikuwa umeisha nyumbani. Alikuwa amelikata mwenyewe kutoka kwenye kitanda cha kufumia, bila kulinyunyizia maji. Zulia likikatwa hunyweshwa, kama anavyonyweshwa mtu anayekata roho. Lakini hiyo ni kazi ya wanawake, naye hakuikumbuka.

Mwalimu, kijana aitwaye Lahlou, alilitandika uani akalipiga picha kwa simu. Kwenye picha Itto alikuwa ameketi katikati ya zulia, midomo imemkauka.

"Mzee wangu, picha ya bidhaa haitakiwi kuwa na mtu," alisema Lahlou. "Mwambie mama asogee kidogo."

"Mwambie wewe. Mimi tangu nimuoe hajawahi kunisikia."

Wanawake waliokuja kujifunza wakacheka. Jirani wa Bassou, Tuda, aliinama akaitazama simu.

"Ana kiu huyu, shemeji. Hukumpa maji. Mnyunyizie apumzike, nawe uuze."

Bassou akachota maji kwa bakuli, akasimama nalo mbele ya zulia.

"Akienda huyu, nani atawauliza wale wakubwa?" akasema, akaliweka bakuli chini.

Lahlou alikuwa na ripoti ya kupeleka, kwa hiyo akaituma picha mtandaoni hivyohivyo. Jioni, mahali pa maswali ya wateja, palikuwa na swali la Itto.

Kijana alikuwa amewafundisha kwamba muuzaji mzuri hujibu siku hiyohiyo. Akampelekea simu mkuu wa wilaya, mmoja wa wakubwa wale. Mkuu akasoma, akamrudishia simu.

"Hili halihusu mazulia, bwana."

Mafunzo yakafungwa, watu wakapigiwa makofi. Viti vikarudishwa kwa gari lilelile.

Zulia halijauzwa. Bassou hubadilisha maji ya bakuli kila asubuhi, kisha huyaacha hapo, naye Itto huyatazama. Wateja huuliza upana, huuliza kama rangi inachuja, wanajibiwa. Swali la Itto bado liko juu ya yote: Nani alisema viti vitangulie?