Shimo Tulilorithi

Mwaka wa tisini na moja, Kimeli, kaka ya mume wangu, alipogawa shamba la marehemu baba yao hapa Roret, alijipimia majani chai yote, sisi akatuachia shimo. Sisemi kwa mafumbo. Lilikuwa shimo kweli, mahali ambapo ukoo mzima ulichimba udongo wa kukandika nyumba tangu enzi za babu, hadi ikabaki murram nyekundu isiyoota hata nyasi. Mume wangu, Weldon, akamshukuru. Weldon ni mtu wa amani. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Mimi nililia kwa hasira hadi nikashindwa kupika.

Hasira hasara, nikajiambia, na watoto wanataka mboga. Nikaanza na jikoni kwangu. Maganda ya viazi, maganda ya ndizi, makombo ya ugali, majani ya chai yaliyochujwa, vyote vikaenda shimoni, na juu yake nyasi kavu na samadi ya ng'ombe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini mimi sikuwa na kibaba, nilikuwa na shimo la kumeza ng'ombe wawili. Kwa maganda ya nyumba moja ningezeeka kabla halijafika nusu.

Nikaenda kwa Wilkista, mama Beverly, aliyetoka upande wa ziwa akafungua hoteli hapa sokoni. Siku ya soko hoteli yake ilijaa watu, na nyuma yake taka zilirundikana hadi mbwa wakapigana.

"Mama Beverly, hizi taka zako nipatie mimi."

"Mama Kimutai, taka? Unapeleka wapi?"

"Kwa shamba."

"Shamba gani? Ile shimo?" Akacheka mpaka leso ikamfunguka. Lakini alinipa. Jioni hiyo nilipita katikati ya soko na gunia kichwani, maji ya kabeji yakinitiririka shingoni, na kuanzia siku hiyo watu wakaniita mama takataka.

Waniite watakavyo, nilikuwa na kazi. Kila gunia nililichambua kwa mkono. Plastiki haiozi, kwa hivyo haikuingia shimoni. Mikebe ya mafuta ya kupikia nilimpelekea fundi wa koroboi. Pakiti za maziwa ya shule, zile za pembetatu ambazo watoto walikuwa wakizitupa njia nzima, nilizikata ncha, nikazitoboa chini, nikapandia miche ya sukuma wiki na managu. Kina mama wa jirani wakaja kucheka. Wakaiona miche. Wiki iliyofuata walirudi na ndoo za maganda yao, nami nikawapa miche.

Mwaka wa pili lundo lilifuka moshi asubuhi za baridi, na ukitia mkono ndani unautoa haraka. Mwaka wa tatu shimo halikuwepo tena. Palikuwa na udongo mweusi, laini, na sukuma wiki yenye majani mapana ya kumfunika mtoto. Nilisimama pale nikajisifu kwa sauti, maana hakuna mwingine ambaye angenifanyia kazi hiyo.

Ndipo Kimeli akakumbuka kwamba shamba ni la baba yake.

Aliita kokwet, mkutano wa wazee wa kijiji unaoamua mambo ya mipaka na ugomvi. Wazee wakaketi nyasini kando ya mboga zangu, mwenyekiti wao mzee Hezekiah katikati. Kimeli, baba Fancy, alikuja na koti lake la kanisani.

"Hii pembe sikupeana," akasema. "Nilisema tu watumie kidogo. Sasa nataka kupanda majani. Ni shamba ya baba."

Nilijua nikinyamaza nitarudi nyumbani bila hata mahali pa kupanda kitunguu.

"Wazee, naomba ruhusa," nikasema, nikasimama kabla hawajanipa. "Baba Fancy anasema ukweli, shamba ni ya baba. Lakini nyinyi wote mnajua hapa ilikuwa nini. Alitupatia shimo, na mimi nitamrudishia shimo yake. Hii mchanga imetoka kwa jikoni yangu. Naibeba."

Nikashika jembe na debe, nikaanza kuchota palepale mbele ya wazee.

"Wacha achimbe," akasema Kimeli. "Atachoka."

Ni kweli ningechoka. Lakini Wilkista, aliyekuwa amesimama kwenye ua na kina mama wengine, alikaza leso kiunoni. "Kabeji za hoteli yangu ziko hapo ndani," akasema. "Siwezi achia mtu." Akashika sepetu. Jerusa, jirani yetu wa bondeni, akaja na karai akidai maganda yake ya ndizi. Wakafuata wengine, kila mmoja na chombo chake na mdomo wake, na murram nyekundu ikaanza kuonekana.

Wa mwisho kuvuka ua alikuwa Chepkosgei, mke wa Kimeli, na beseni mkononi.

"Wewe unaenda wapi?" Kimeli akauliza.

"Baba Fancy, hizo viazi zote tumekula, unafikiri maganda nilikuwa naweka wapi? Nilikuwa natupa hapa ukienda kuuza majani. Na mimi nachukua yangu."

Mzee Hezekiah alicheka hadi akafuta machozi kwa kofia. Mimi niliegemea jembe nikalia na kucheka kwa pamoja, maana jambo hilo sikulijua kabisa. Mzee alipotulia akapiga fimbo chini.

"Kimeli, unataka shimo yako?"

Kimeli akaitazama murram. Akamtazama mkewe, beseni limejaa. "Hapana, mzee. Warudishe mchanga. Nimeacha hii pembe."

"Umeachia nani? Kokwet inataka kusikia, hii maneno isirudi tena."

"Weldon."

Mume wangu wa amani, ambaye sijawahi kumsikia akimpinga kaka yake, alitikisa kichwa. "Si yangu," akasema. "Mimi sijabeba hata gunia moja."

"Basi ni ya mama Kimutai," akasema Kimeli.

"Kimutai ni mtoto," akasema Hezekiah. "Mama yake iko na jina."

Kina mama wakatua vyombo vyao chini, wakangoja.

"Ni ya Rodah," akasema Kimeli.

"Sema kwa nguvu, baba Fancy," nikamwambia. "Wale wa nyuma hawajasikia."