Uvimbe Uliopigwa Kalenda

Barua ya bima ilifika Jumanne saa nne asubuhi, Mama Makochi akiwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, misumari minne mdomoni na nyundo mkononi. Aliyeifungua ni mdogo wake, aliyekuwa akikata sponji pale mlangoni, kwa sababu vidole vyake havikuwa na gundi.

"Yah: Maombi ya matibabu ya mionzi kwa roboti," alisoma. "Kama mada inavyojieleza hapo juu, maombi yako yanashughulikiwa. Wahusika wote mnaombwa kusubiri, bila kuchukua hatua yoyote, hadi mtakapojulishwa kwa maandishi."

Mama Makochi alitema misumari kiganjani. "Basi?"

"Basi, dada. Zimebaki nakala tu. Ya kwanza kwa daktari, ya pili kwa mgonjwa, ya tatu kwa uvimbe."

"Leo wamekuwa na adabu," alisema Mama Makochi, akarudisha misumari mdomoni.

Uvimbe wenyewe ulikuwa kwenye pafu la kushoto, wenye ukubwa wa haragwe, umejibanza jirani kabisa na moyo. Daktari wa upasuaji alikataa kuugusa. Alisema kisu kikiteleza pale, hata pole haitakuwa na maana. Lakini hospitali kuu ilikuwa na mashine yenye mkono wa roboti, ambayo humfuata mgonjwa anavyopumua. Kifua kikipanda nayo inapanda, kikishuka nayo inashuka, na miale yake inapiga palepale penye ubaya, moyo ukiachwa uendelee na shughuli zake. Ilikuwa kazi ya siku tano. Bei yake ilikuwa nyumba, karakana na vyerehani vyote viwili, na bado ungetoka na deni.

Bima ilikuwa ikilipia upasuaji wa kisu bila maswali. Ilikuwa ikilipia na mazishi, pamoja na jeneza na basi la wafiwa. Mashine haikuwemo kwenye orodha, maana orodha iliandikwa kabla ya mashine kuletwa, na hakuna aliyepewa kazi ya kuiandika upya. Mama Makochi aliogopa kufa na hakuificha hofu yake. Aliogopa akipiga nyundo, akaogopa akinywa chai, na wateja waliokuja kuchagua vitambaa walimkuta akiogopa, wakachagua haraka.

Kwa kuwa kila mhusika alipaswa kupata nakala yake, mdogo mtu aliisoma barua mara ya pili, mdomo ukiwa karibu na ubavu wa kushoto wa dada yake, taratibu, pamoja na kumbukumbu namba na tarehe. Kisha wakarudi kazini.

Uvimbe ukasubiri.

Baada ya miezi miwili picha zilionyesha ukubwa uleule. Baada ya minne, uleule. Daktari wa mionzi aliupima kwenye kioo cha kompyuta mara tatu, kisha akavua miwani.

"Mmefanya nini?"

"Hatujafanya kitu, daktari. Tumeambiwa tusichukue hatua."

"Na wenyewe umeambiwa?"

"Uvimbe nao una nakala yake."

Daktari aliisoma barua, akaitoboa matundu mawili, akaiweka kwenye faili. "Mimi hawa watu wamenipiga kalenda miaka tisa," alisema. "Kumbe hata ugonjwa wanaupiga kalenda. Sasa mama, wewe omba tu wasikujibu."

Mama Makochi hakuwa mtu wa kuomba akiwa amekaa. Kesho yake alivaa viatu vya kutokea, akapanda hadi ghorofa ya pili ya ofisi ya bima, kitengo cha madai. Watu walijaa kwenye benchi, kila mmoja na bahasha yake, wote wakidai majibu. Dirishani alikuwa karani mwembamba ambaye foleni nzima ilimwita Njoo Kesho, na yeye aliitika.

"Mama, jibu lako bado," alisema hata kabla hajaulizwa.

"Sikuja kudai jibu, mwanangu. Nimekuja kuomba msinijibu."

Njoo Kesho alilifungua faili. Jibu lilikuwemo, limeshachapwa, linangoja sahihi ya meneja. Aliligeuza kwenye kioo cha dirisha ili mama alione mwenyewe. Neno *yamekataliwa* lilikuwa mstari wa pili. Mama Makochi alilisoma kimyakimya, akiwa amefunika kifua kwa mkono wa kushoto, kama mzazi anavyoziba masikio ya mtoto.

"Anasaini Ijumaa," karani alinong'ona.

"Lichelewesheni."

"Kuchelewesha ndiyo kazi yangu, mama, lakini lazima pawe na sababu." Alifunua karatasi mbele, akafunua nyuma, halafu uso ukamchangamka. "Hapa pana upungufu. Wahusika walitakiwa kusaini kwamba wamepokea barua ya kwanza. Daktari amesaini. Wewe umesaini. Huyu wa tatu hajasaini."

Akaandika juu ya jalada kwa kalamu nyekundu, *Sahihi inasubiriwa*, akalisukuma faili chini kabisa ya rundo.

Lilikaa huko miezi kumi na moja. Uvimbe ulifanya kama afanyavyo mtu yeyote aliyewekwa kwenye benchi lile: kwanza ulitulia, kisha ukachoka, kisha ukaanza kukonda. Kutoka haragwe ulifika dengu. Mama Makochi naye akanenepa kidogo, na hofu ikampungua kiasi cha kuimba akiwa kazini, ingawa hakuwa na sauti.

Mwishowe wakaguzi wakaliibua faili. Kampuni ilitoa uamuzi kwamba, kwa kuwa ugonjwa haujaendelea, matibabu ya roboti si ya lazima. Maombi yamekataliwa, na wahusika wote wanaruhusiwa kuendelea na shughuli zao. Njoo Kesho aliileta barua mwenyewe, kwa miguu, nakala mbili tu.

"Ya tatu imepotea," alisema. "Ofisini kwetu vitu vinapotea sana."

Mdogo mtu aliisomea kwa jirani, mlango ukiwa umefungwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyeitaja karibu na dada yake. Uvimbe haukujulishwa.

Habari zilienea kama zinavyoenea. Watu walikuja dirishani wakitaka magonjwa yao yapewe nakala. Kampuni ilitoa waraka kwamba nakala ni mbili tu, ikamwonya mpiga chapa. Orodha ilibaki ilivyokuwa, na mashine ya hospitali kuu iliendelea kupumzika kila siku baada ya saa sita mchana, kwa kukosa wenye uwezo. Njoo Kesho aliandika mstari wa tatu, wa nakala ya ugonjwa, kwa mkono kila alipoweza. Magonjwa mengine yalitii, mengine hayakutii, na waliokufa walilipiwa basi la wafiwa.

Jumatatu moja mteja alileta kazi kubwa: makochi ya ukumbi mzima, viti arobaini, springi zote mpya.

"Utamaliza lini?"

Mama Makochi alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, moyo ukimdunda kwa furaha.

"Njoo mwezi wa sita mwakani."

"Mwakani?" mteja alilalamika. "Mama, huko si mbali mno?"

"Mbali," alikubali Mama Makochi, akaandika tarehe ukutani kwa chaki. "Mbali sana."