Koti Alilolalia Watasema

Mbwa wa Nikolao alikuwa ananyonyoka manyoya mgongoni, na bwana mifugo wa Newala hakuzungusha maneno. "Kinachomla mbwa wako kimo kwenye malazi yake," alimwambia Helena, mke wa Nikolao. "Osha kila kitu chake. Kisichooshika, choma moto."

Helena aliitikia, akarudi kijijini Makote. Vitu vya mbwa huyo, ambaye Nikolao alimwita Watasema kwa kuwakomesha majirani, havikuwa vingi. Ukanda wa ngozi wenye njuga, wa kuwindia nguruwe pori. Kamba ya katani. Na koti la kaki la Nikolao mwenyewe, ambalo mbwa alililalia tangu siku bwana wake aliporukia lori la kwenda Tunduru kutafuta vito, wakati kila mwenye mikono miwili alipokuwa akikimbilia Tunduru. Mwanzoni zilikuja salamu. Kisha zikakoma.

Ukanda na kamba havikumsumbua. Koti ndilo. Kila jioni, alipompelekea mbwa ukoko wa ugali, Helena aliinama, akashika ukosi wa lile koti na kuvuta pumzi. Humo mlikuwa na tumbaku, moshi wa maganda ya korosho na jasho la mwanamume aliyezoea kucheka peke yake. Akilifua, harufu hiyo imekwenda. Asipolifua, mbwa atakufa, na Nikolao akirudi atamuulizia mbwa kabla hajaulizia chakula.

Kulifua nyumbani hakukufikirika. Maji pale juu hupandishwa kutoka bondeni kichwani, na mwanamke anayemmwagia mbwa maji ya kunywa atasemwa mpaka kanisani. Lakini tangu biashara ziachiwe huru, kila shida ilikuwa imepata mtu wa kuitatua. Unampa konda wa basi kifurushi chako, kinarudi kimefuliwa. Mtwara palikuwa na dobi wa mashine, aliyefulia kampuni za ulinzi mablanketi na mikanda ya mbwa wao. Masasi palikuwa na Salmini, dobi wa mkono, aliyesifiwa na walinzi wa maghala ya korosho.

Helena akaamua kuwapima. Ukanda ukaenda Mtwara, kamba ikaenda Masasi, kila kifurushi kimeandikwa "Mama Flora", jina alilojulikana nalo.

Ukanda ulirudi ndani ya nailoni, njuga zinang'aa, ngozi imekakamaa, unanukia maua ambayo hayajawahi kuota Newala. Watasema aliunusa, akapiga chafya, akajificha nyuma ya ghala. Kamba ilirudi imefungwa kwa gazeti, inanukia udongo na jua. Mbwa aliinusa sana, akailamba, kisha akainua kichwa na kutazama njia iliyo nyuma ya Helena, kana kwamba kuna mtu anakuja. Helena naye akageuka. Njia ilikuwa tupu.

Hapo akachagua Masasi. Ila koti hakumpa konda. Alilipeleka mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," Salmini alijibu, mikono ikiwa povuni.

Mkewe, Sikuzani, alikuwa kibarazani anakunja mashuka. "Wewe ndiye Mama Flora wa ile kamba ya mbwa? Karibu, mtani. Ninyi Wamakonde, mbwa wenu wanaoga kuliko wenyewe!"

"Na ninyi Wayao mnakula jasho la mbwa hao hao."

Sikuzani alicheka mpaka shuka likamponyoka. Salmini alionyesha pipa lililotengwa nyuma ya nyumba. Kilichoguswa na mate ya mbwa, alisema, yeye hukiosha mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini inavyotaka. Na viroboto hawaipendi dini hiyo hata kidogo.

"Baba, nataka utoe viroboto," Helena alisema. "Harufu uiache."

"Harufu gani?"

"Ya mwenye koti."

Salmini alijifuta mikono taratibu. "Watu huniomba niitoe. Mama Haji, njoo wewe mwenye pua."

Sikuzani alikuja, akaishika kanga yake isiguse, akainama. Alinusa ukosi. Akanusa makwapa. Alipoinuka, utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Alikwenda lini?"

"Wakati ule wa Tunduru."

"Mdogo wangu. Hapa pana mbwa."

"Nusa ukosi."

"Nimenusa ukosi. Mbwa mtupu."

Helena alilinyakua koti, akazika uso wake ndani. Akaitafuta tumbaku. Akaipata, ikapotea; akashindwa kujua kama aliipata au aliikumbuka. Akautafuta moshi. Palikuwa na manyoya, unyevu na mbwa. Jioni zote zile, tumbaku alikuja nayo yeye mwenyewe kutoka jikoni, kichwani mwake, akaiweka kwenye ukosi, kisha akaikuta.

Sikuzani alimwekea kigoda.

"Lifue, baba," Helena alisema hatimaye. "Lifue unavyojua."

Alikaa akatazama maji yakitoka meusi, yakamwagwa, yakatoka ya kahawia, yakamwagwa. Maji mengi kuliko aliyozoea kuyaona kwa wiki nzima. Udongo ukapakwa, ukasuuzwa. Salmini akalianika mwisho wa kamba, mbali na kanzu za watu. Upepo wa mchana ukaingia mikononi mwa koti, mabega yakajaa. Helena akanyanyuka, akauweka sawa ukosi, akapiga vumbi ambalo halikuwepo.

Honi ikalia barabarani.

"Basi lako hilo, Mama Flora," Sikuzani alisema. "Nenda. Tutalituma kwa konda likikauka, kama ile kamba."

Helena alikuwa ameushika mkono wa koti, maji yakimtiririka kiganjani mpaka kwenye kiwiko.

"Hili msinitumie," alisema. "Nitalisubiri hapa hapa."

Basi likapiga honi tena, likaondoka.