Laini ya Hospitali Funga

Nianze na tangi, maana harufu yake ninayo puani mpaka leo. Lilikuwa nyuma ya kituo chetu cha umeme, nje kidogo ya Nizwa, huku Uarabuni, na ndani yake ilikaa dizeli ya akiba, ya kutuokoa siku gesi ya bomba itakapokatika. Ilikuwa haijaguswa tangu kituo kilipofunguliwa. Chini ilikuwa imeganda ikawa uji mweusi, na juu walielea mijusi waliokufa na panya mmoja aliyevimba. Ami Hamdun alipofunua kifuniko mwezi wa Februari nilikuwa nimemletea ujumbe wa simu, na nilitapika pale pale, mimi ambaye si mtu wa kutapika ovyo.

Mkubwa wetu, Bwana Mahrous, alipelekewa habari ya tangi siku ile ile. Akasema amesikia. Kisha akaagiza geti lipakwe rangi ya kijani.

Hivyo ndivyo tulivyojitayarisha kwa kiangazi cha mwaka wa themanini na sita. Kila mtu alijua kwamba joto likishika, nyumba zote kutoka Nizwa mpaka Ibra zitawasha viyoyozi kwa mpigo, maana mishahara ilikuwa imenona na hakuna hata mmoja wetu, Waarabu tuliozaliwa Afrika tukarudi kwa babu zetu, ambaye hakununua mashine ya dirishani. Kila mtu alijua pia kwamba gesi ya bomba ina siku zake za kugoma. Kazi ilikuwa kusafisha tangi, kuzijaribu injini za dizeli kwa mzigo wa kweli, na kukubaliana laini zipi zizimwe kwanza. Badala yake tulipanda maua. Injini ziliwashwa siku moja tu, ya wageni, zikanguruma bila kubeba hata taa ya chooni, na wageni wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la halwa, natamani nilimwage juu ya mazulia.

Kazi yangu ilikuwa kupokea simu kwenye chumba cha mitambo. Jina langu Fakhriya, mzaliwa wa Mjini, Unguja. Ami Hamdun naye katoka huko huko, mtu wa makamo, na umeme kaufanyia kazi tangu ujana wake. Hakuwa ami yangu wa damu, lakini ningemwitaje? Kiarabu chake cha kubabaisha, Kiingereza chake cha salamu, basi na wakubwa wote wanaojua Kiswahili akisema nao Kiswahili. Bwana Mahrous alizaliwa Tabora akasomea uhandisi Uingereza. Kiswahili chake cha nyumbani kilikuwa kizuri tu. Cha kazini kilikuwa Kiingereza kilichovalishwa kanzu.

Gesi ilikatika mwezi wa Juni, baada ya adhuhuri, joto linachemsha maji ndani ya mabomba. Mitambo mikubwa ikazimika. Ami Hamdun akakimbilia dizeli: injini moja ikashika, ya pili ikakohoa ule uji wake mweusi ikafa. Umeme uliopatikana haukutosha hata nusu ya watu. Kitu cha kwanza alichofanya, bila ya kumuuliza mtu, ni kuwasha laini ya mashariki inayokwenda hospitali ya Ibra. Laini ya nyumba za wakubwa, zilizoko mtaa mmoja na nyumba ya Bwana Mahrous, swichi yake ilikuwa haijazimwa, nayo ikawaka.

Simu ikalia. Bwana Mahrous alikuwa kwake, mezani, nasikia sauti za vijiko. Nikamwunganisha na Ami Hamdun, na nikabaki kwenye laini kama tunavyobaki sote wapokea simu, anayekataa mwongo.

"Hamdun, sikiliza. Laini ya nyumba za wakubwa fungua. Ya hospitali funga."

Ami Hamdun alinitazama. Nikamwashiria aulize tena.

"Ya hospitali nifunge, bwana?"

"Funga. Kiswahili kimekutoka?"

Akakata simu. Ami Hamdun akasimama mbele ya vifungo, kisha akabonyeza chekundu na hospitali ya Ibra ikazimika. Akasema "Hasbiyallah" akaketi chini sakafuni. Mimi nilimlaani Bwana Mahrous kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Sikushangaa hata kidogo, na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Mtu aliyepaka geti rangi tangi likioza, nani angeshangaa akijiwekea baridi mwenyewe na kuwanyima wagonjwa?

Hospitali walipiga simu, na jenereta yao nayo haikuwaka. Nikampigia Bwana Mahrous, mtumishi akasema amelala, kaagiza asiamshwe. Nikapiga tena, jibu lile lile. Alasiri Ami Hamdun alisema bwana akitaka kumfukuza na amfukuze, akainuka akawasha. Watoto wachanga walikuwa wameshatolewa wodini, wamefungwa kanga zilizoroweshwa maji, wamelazwa ndani ya magari ya watu. Mungu alisitiri, hakufa mtu. Damu ya akiba iliharibika yote. Siku ya pili yake nilikwenda Ibra, nikayaona mapipa ilimotupwa nyuma ya jengo, nzi wamejaa, wauguzi wanapita na mitandio puani.

Ikaundwa kamati. Kufika hapo Ami Hamdun alikuwa keshapewa jina Ibra nzima: aliyewazimia watoto. Mkewe, Khole, ana jamaa zake kule, na walikwisha kuacha kuwatembelea. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya serikali. Kazi ikiondoka na nyumba inaondoka. Ami hakulalamikia nyumba. Alichoniambia ni kwamba hataki kuzikwa na jina lile.

Tulikaa Nizwa, kwenye ofisi iliyopoa mpaka vidole vinakufa ganzi, kiyoyozi kinavuma dirishani nyuma ya kiti cha Bwana Mahrous. Mwenyekiti alikuwa Sheikh Nadhir, mzaliwa wa Pemba aliyesomea Misri, mtu wa maneno machache. Kando yake alikaa mshauri Mwingereza, naye mhandisi. Shauri likaendeshwa kwa Kiarabu na Kiingereza, lugha mbili ambazo mshtakiwa hakuziweza.

Bwana Mahrous alikuwa mtulivu, kanyoa vizuri, ananukia udi. Akasema amri yake ilikuwa sahihi: funga laini ya hospitali. Akaniomba mimi shahidi nithibitishe kwamba neno lilikuwa hilo. Nikathibitisha, kwa kuwa ndilo. Mwingereza akauliza maana yake, akafasiriwa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Ndipo nilipoelewa. Kwa Kiingereza cha mafundi, kufunga swichi ni kuzikutanisha nyaya, umeme upite. Kufungua ni kuziachanisha, umeme ukatike. Bwana Mahrous alikuwa ameamuru nyumba za wakubwa zizimwe, na yake ikiwemo, hospitali iwake. Kwamba yake haikuzimika hakuuliza, alikuwa keshalala. Kwa mara ya kwanza mwaka ule alikuwa amefanya jambo la heri, na sisi tukaamini kinyume chake kwa sababu kinyume chake kilifanana naye.

Ningemsamehe, wallahi. Angesema tu kwamba neno lilipotea njiani baina ya watu wawili, ningemsamehe hata rangi ya geti. Lakini aliendelea. Alisema kila anayejua Kiswahili anajua funga maana yake nini. Alisema Hamdun alielewa vyema, ila ni mzembe, na watu wa namna ile wanarudishwa nchini kwa huruma na matokeo yake ndiyo haya. Na alisema hayo kwa Kiarabu fasaha, huku Ami Hamdun ameketi karibu yake, anamtazama mdomo, anatabasamu kwa adabu kwa kudhani anatetewa.

Sheikh Nadhir akaanza kukusanya karatasi zake. Nikajua kwamba nikianza kueleza habari za nyaya na swichi, mimi mpokea simu mbele ya wahandisi wawili, nitaambiwa nikae. Basi nikajivuta buibui langu mabegani, nikamgeukia Bwana Mahrous, nikasema kwa upole, kwa Kiswahili:

"Bwana Mahrous, samahani, nifungie hiyo AC. Baridi inanipiga."

Akainuka. Malezi yake mazuri, siyakanushi. Mwanamke kaomba, akainuka mara moja, akazungusha kitufe, na mvumo wa mashine ukakatika. Kalamu ya mwandishi wa kamati ikasikika. Mwingereza alitutazama mmoja mmoja, hajui kilichotokea.

Sheikh Nadhir aliziweka karatasi chini. Akamwuliza kwa Kiswahili, polepole, kwa lafudhi ya Pemba ambayo sijapata kumsikia akiitumia ofisini:

"Mbona umeizima?"

"Si kanambia nifunge," akasema Bwana Mahrous.

Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye kitufe. Hakuna aliyemwambia aketi.